Pumzi moja, namba mbili: mwongozo kamili wa kupima chuma na mafuta ya ini kwa MRI

Kila uniti ya damu anayoongezewa mgonjwa ina chuma cha miligramu 200 hadi 250, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa. Kinajikusanya: ini kwanza, baadaye moyo na tezi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na seli mundu, na wale wanaoongezewa damu mara kwa mara wanamwachia daktari swali moja: chuma kimefika kiasi gani? Feritini ya damu, protini inayohifadhi chuma, inadokeza, ila inapanda pia mtoto akiwa na maambukizi tu. Sindano ya kunyofoa kipande cha ini inajibu, lakini nani atamchoma mtoto ini kila mwaka? MRI inajibu bila sindano na bila eksirei. Shida yake ni muda.

Mwongozo huu ni wa radiografa, mwanafizikia wa hospitali au mwanafunzi mwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) na kompyuta ya kawaida. Tutapata namba mbili, ya chuma na ya mafuta, mtoto akizuia pumzi mara moja tu. Msimamo wangu nautoa mapema: ili kuokoa muda unaweza kukata karibu kila kitu, isipokuwa mwangwi wa kwanza, yaani ishara ya kwanza inayorudi kutoka mwilini. Nimeona wengi wakifanya kinyume, wanatunza picha iwe kali na kuchelewesha mwangwi.

Picha si kipimo

Picha ya kawaida ya MRI ni weusi na weupe. Nukta yenye thamani 340 kwenye mashine yako inaweza kuwa 1,200 kwenye mashine ya jirani, mgonjwa yuleyule. Cha kuchekesha ni kwamba fani hii ilianza na namba, si picha: mwaka 1971 Raymond Damadian alionyesha kuwa protoni za uvimbe wa panya hutulia kwa muda tofauti na za tishu nzima, na hakuwa na picha yoyote ya mwili. Picha ilikuja na Paul Lauterbur mwaka 1973, ikapendeza macho, namba zikasahaulika kwa muda mrefu.

Namba tunayoitafuta hapa ni T2*, tunayoisoma "T2 nyota". Mashine inazipiga protoni wimbi la redio, karibu megahezi 64 kwenye Tesla 1.5, nazo zinaanza kuzunguka kwa pamoja kama kikosi kwenye gwaride. Baada ya muda hatua zinapishana na ishara inafifia. Chembe za chuma ni visumaku vidogo vinavyozivuruga protoni za jirani, kwa hiyo penye chuma kingi kikosi kinavurugika haraka. T2* ni muda unaopita hadi ishara ibaki asilimia 37. Ini lenye afya kwenye Tesla 1.5 lina makumi ya milisekunde. Ini lililojaa chuma lina 2, au 1, au pungufu. Ukigawa 1,000 kwa T2* unapata R2*, yaani kasi ya kufifia kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayopanda sawia na chuma. Fomula inayotumika sana ilichapishwa na John Wood na wenzake wa Los Angeles mwaka 2005, kwa Tesla 1.5: zidisha R2* kwa 0.0254, ongeza 0.202, unapata miligramu za chuma kwa kila gramu ya ini lililokaushwa. Mtu mzima kiafya hazidi 1.8 hivi. Kuanzia 7 daktari anakaza dawa ya kutoa chuma, na juu ya 15 ni hatari.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda kabla ya kugusa mashine

Chukua karatasi. Tunataka ini lote, vipande 32, kila kipande mistari 128 ya data ghafi. Tunataka miangwi 12, wa kwanza kwenye milisekunde 1.0 na mingine kila baada ya milisekunde 1.0, kwa hiyo mzunguko mmoja (TR) unakuwa kama milisekunde 14. Mistari 128 mara vipande 32 ni mizunguko 4,096. Mara milisekunde 14: sekunde 57. Hakuna mtoto wa seli mundu anayezuia pumzi sekunde 57. Wewe mwenyewe jaribu sasa hivi ukiwa umekaa.

Kwa hiyo lazima tupunguze, na swali ni wapi.

Ukipunguza idadi ya miangwi hadi sita, TR inashuka, lakini mstari wa kufifia unabaki na nukta chache. Ukisogeza mwangwi wa kwanza hadi milisekunde 4.6, maji na mafuta yanakuwa pamoja na hesabu inarahisika, ndiyo maana zamani wengi walipima hivyo. Ila mgonjwa mwenye T2* ya milisekunde 2 atakuwa amebakiwa na asilimia 10 tu ya ishara kabla hujaanza kusikiliza. Umefika msibani watu wameshazika. Acha miangwi ilivyo, tutakata mistari.

Hatua ya 2: Tengeneza chupa zako

Usimpime mtu yeyote kwa mpangilio mpya kabla ya kupima chupa. Kuna fantomu za kununua, yaani vielelezo vya kupimwa badala ya mtu, na kama taasisi yako inazo, heri. Kama haina, chupa ndogo za plastiki zenye mfuniko unaokaza zinatosha. Omba kloridi ya manganizi maabara, tengeneza myeyusho mmoja mkali, kisha upunguze nusu, nusu, nusu, hadi upate chupa sita. Huna haja ya kujua T2* sahihi ya kila chupa. Unachohitaji ni sheria moja: R2* lazima ipande sawia na kiasi cha manganizi. Ukichora namba zako kwenye karatasi ya miraba, nukta zikae kwenye mstari ulionyooka. Mstari ukipinda upande wa chupa kali, mpangilio wako unadanganya palepale unapohitajika zaidi.

Ongeza chupa ya maji matupu na chupa ya mafuta ya karanga. Mafuta ya karanga yanafanana vizuri na mafuta ya mwili kwenye sumaku, na watafiti huyatumia kwa sababu hiyo. Maji yakupe asilimia 0 ya mafuta, karanga karibu 100.

Zamisha chupa zote kwenye beseni la plastiki lenye maji, toa mapovu ya hewa kwa kugonga chupa polepole, na andika joto la maji hayo. Hilo la joto nililidharau. Wiki moja nilipata namba zilizotofautiana waziwazi na za wiki iliyotangulia, nikashuku koili (antena inayopokea ishara), nikashuku programu, nikapiga simu hadi kwa mtu wa matengenezo. Kumbe mwenzangu alizihifadhi chupa kwenye friji ya chai, na mimi nilizipima zikiwa bado na jasho la baridi. Sasa zinalala chumba cha sumaku usiku kucha kabla ya kupimwa.

Pima chupa kwa ile njia ndefu ya sekunde 57, bila kukata chochote. Chupa hazipumui. Hicho ndicho kipimo mama, na kila ufupisho utafanyiwa kesi mbele yake.

Hatua ya 3: Kata mistari, moja baada ya nyingine

Koili ya tumbo ina masikio mengi, kila moja likisikia vizuri upande wake. Ni kama mashahidi wanane wa ajali waliosimama kona tofauti: kwa kuwa kila mmoja ameona upande wake, huhitaji kila mmoja asimulie yote. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zürich walionyesha jinsi ya kuruka mistari na kujaza mapengo kwa tofauti hizo za masikio, njia inayoitwa SENSE. Mwaka 2002 Mark Griswold, wakati huo akiwa Würzburg, alileta GRAPPA, inayojaza mapengo kwenye data ghafi yenyewe. Mashine yako ina mojawapo au zote, pengine kwa jina la kibiashara.

Ruka mstari mmoja kati ya miwili upande wa kipande, na mmoja kati ya miwili upande wa vipande: kasi mara nne. Sekunde 57 zinakuwa 14.3. Tumemaliza? Bado. GRAPPA inahitaji mistari kamili katikati ili ijifunze masikio yalivyo. Ukichagua eneo la 24 kwa 24, hiyo ni mizunguko 576. Robo yake ulishaipima, zinabaki 432 za nyongeza, sawa na sekunde 6. Umerudi kwenye sekunde 20, na skrini haikukuambia waziwazi. Hapa ndipo watu wengi hupotelea.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kupima mistari hiyo ya kujifunzia peke yake, mgonjwa akipumua kawaida, kabla ya kipimo chenyewe. Inaokoa sekunde zote 6, ila tumbo likihama kati ya vipimo viwili utaona kivuli cha ini juu ya ini. Ya pili ni kupima robo tatu tu ya mistari upande mmoja na kuiacha kompyuta ikisie iliyobaki kwa ulinganifu. Mizunguko ya msingi inashuka hadi 768, sekunde 10.8, na pamoja na zile 6 unafika 16.8. Kwa mtu mzima natumia ya pili. Kwa mtoto natumia zote mbili kwa pamoja na kupata karibu sekunde 11.

Kasi ina gharama. Ukipima robo ya data, kelele inaongezeka mara mbili, kwa sababu kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na juu yake kuna adhabu ya jiometri ya koili, ambayo ni kubwa zaidi katikati ya mwili. Kwa hiyo usiruke mistari mitatu kati ya minne upande mmoja. Gawa kasi kwa pande mbili kama tulivyofanya. Kama mashine inaruhusu mpangilio wa kupishanisha mistari, CAIPIRINHA, uwashe.

Baada ya kila ufupisho, rudi kwenye beseni. Ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo hutajua kipi kimeharibu.

Hatua ya 4: Pembe ndogo, hata kama picha inachafuka

Pembe ya kugeuza protoni, ile FA ya skrini, kila mtu anataka kuipandisha ili picha ing'ae. Kwa TR ya milisekunde 14, pembe inayotoa ishara kubwa zaidi ya ini ni kama nyuzi 12. Lakini mafuta hutulia haraka kuliko ini, kwa hiyo kwenye nyuzi 12 yanang'aa kupita haki yake. Chukulia T1, yaani muda huo wa kutulia, ya ini ni milisekunde 600 na ya mafuta 300: ini lenye mafuta asilimia 10 litasomeka 12.8. Ukishuka hadi nyuzi 5 litasomeka 10.7. Unapoteza karibu theluthi ya ishara, na mimi naikubali hasara hiyo. Mpaka wa ini lenye mafuta mengi uko kwenye asilimia 5 hivi, na kosa la asilimia mbili au tatu linamhamisha mtu upande.

Pima kabla ya dawa ya gadolini, ile ya kung'arisha picha, kama mgonjwa ataihitaji, maana inabadilisha namba zote mbili. Na kama ameingizwa chuma kwa mshipa siku za karibuni, mwandikie daktari, kipimo kisubiri.

Hatua ya 5: Mtoto na pumzi yake

Mazoezi yafanyike nje ya chumba cha sumaku, mama akiwepo. Mimi humwambia hivi: "Baba, ukinisikia nasema toa, toa hewa yote kama unazima mshumaa. Halafu kaa kimya, usivute. Nitahesabu hadi kumi na moja." Mtoto wa miaka saba akijaribu mara tatu na mama yake akimhesabia, anaweza. Mkono wake uwe tumboni, auone unavyotulia.

Pumzi izuiwe baada ya kutoa hewa, si baada ya kuvuta. Kuvuta kunampa mtu sekunde zaidi, lakini kila mara ini linakaa mahali pengine. Ukitoa hewa linarudi karibu palepale.

Asiyeweza kabisa apimwe akipumua taratibu kwa mistari inayopita katikati kama spoku za baiskeli, mashine ikiwa na uwezo huo. Njia hiyo huvumilia mwendo. Kuchukua mistari ya kawaida mtoto akihema ni kupoteza muda wa wote.

Hatua ya 6: Hesabu ya kufifia, na mtego wa sakafu

Kabla ya kutoa picha, zima vichujio vyote vya kulainisha na kusawazisha mwanga. Hakikisha pia kila mwangwi umehifadhiwa kwa kipimio kimoja. Baadhi ya mashine hubadilisha kizidishi cha picha moja hadi nyingine, na usipokisoma kwenye faili la DICOM, lile la picha za hospitali, utaona ishara ikipanda pale inapopaswa kushuka. Python na maktaba ya SciPy vinatosha kwa hesabu.

Sasa mtego. Chukua ini lenye T2* ya milisekunde 2, ishara ya mwanzo 1,000, kelele 25. Miangwi 12 itasomeka takriban hivi: 607, 369, 224, 137, 86, 56, 42, 35, 33, 32, 32, 31. Itazame mwisho. Ishara ya kweli kwenye mwangwi wa 12 ni kama 2.5, lakini picha inasema 31, kwa sababu picha ya MRI haina thamani hasi na kelele inajijengea sakafu. Ukichora logi ya namba zote 12 na kupitisha mstari mmoja, unapata T2* ya 3.6, na chuma cha miligramu 7.2. Ukitumia nukta tano za kwanza tu, T2* ni 2.04 na chuma ni 12.7. Jibu la kweli ni 12.9. Mtoto yuleyule, data ileile. Kwa hesabu ya kwanza chuma chake kinaonekana karibu nusu ya kilivyo.

Kumbuka kasi tuliyoiongeza iliipandisha sakafu hiyo. Ndiyo maana kipimo cha haraka kinahitaji hesabu makini kuliko cha polepole. Dawa rahisi ni kukata: acha kila mwangwi ulioshuka chini ya mara mbili au tatu ya kelele. Dawa nzuri zaidi ni kutumia data yenye awamu (mahali protoni zilipofika kwenye mzunguko wao), si ukubwa wa ishara peke yake, maana yenyewe haina sakafu.

Awamu unaihitaji pia kwa mafuta. Kwenye Tesla 1.5 maji na mafuta hupingana kwenye milisekunde 2.3 na kuungana kwenye 4.6, hivyo mstari wa kufifia unapanda na kushuka kama barabara ya Lushoto. Programu nzuri hutafuta maji, mafuta na R2* kwa mkupuo mmoja, ikijua kuwa mafuta yana vilele kadhaa. Sita ndiyo desturi. Ukipata ini lenye mafuta asilimia 94, usimpigie daktari simu: programu imebadilishana maji na mafuta. Angalia ngozi ya mgonjwa. Kama mafuta ya chini ya ngozi yamesomeka asilimia 6, hilo ndilo jibu.

Hatua ya 7: Kuchora duara na kuandika ripoti

Chora maduara matatu au manne kwenye ini, mbali na mishipa, nyongo na kingo. Epuka juu kabisa chini ya pafu, kwa sababu hewa inavuruga sumaku na kujifanya chuma. Chukua namba ya katikati, si wastani. Duara moja likigusa mshipa, wastani wote unavutwa.

Ripoti itaje nguvu ya sumaku, mwangwi wa kwanza, aina ya hesabu na kizio. Kwenye Tesla 3 R2* ya chuma kilekile ni karibu mara mbili, kwa hiyo namba isiyotaja Tesla haina maana. Fomula ya Wood niliyoitaja usiitumie kwenye Tesla 3 wala kwenye zile sumaku ndogo za wazi. Na chuma kikiwa kingi sana, Tesla 1.5 ni bora kuliko 3, hata kama 3 ndiyo ghali: ishara haiwahi kufa kabla hujaisikia.

Vipi njia mpya zaidi?

Mwaka 2007 Michael Lustig na wenzake wa Stanford walionyesha kuwa mistari ikirukwa ovyo bila mpangilio, kompyuta inaweza kuijenga picha kwa kutafuta jibu jepesi zaidi linalokubaliana na data. Mwaka 2013 kundi la Cleveland, Dan Ma akiwa wa kwanza kwenye orodha na Griswold akiwemo, lilileta alama za vidole za sumaku: unabadilisha pembe na muda kila mzunguko, kila tishu inatoa wimbo wake, na kompyuta inautafuta wimbo huo kwenye kamusi iliyopigiwa hesabu mapema. Unapata T1 na T2 kwa pamoja. Ni kazi nzuri sana.

Kwa akili bandia inayosafisha kelele, mimi bado natembea taratibu. Imefunzwa kutoa picha nzuri, na ini la T2* ya milisekunde 1 si picha nzuri. Ni giza, na giza hilo ndilo jibu. Ukitaka kuitumia, ipitishe kwenye beseni la chupa kama ufupisho mwingine wowote, chupa kali zaidi kwanza.

Na siku fundi atakapokuja kuweka toleo jipya la programu ya mashine, mwombe akusubiri nusu saa. Pima chupa kabla hajaanza, pima tena akimaliza, na ubandike karatasi ya miraba yenye mistari yote miwili ukutani pembeni ya skrini, na tarehe.